Shajara ya mradi: kichocheo cha kobalti kwenye sponji ya nikeli, Arusha

Februari. Kinachotengenezwa

Kazi ni kutengeneza chanzo kidogo cha haidrojeni kitakacholisha seli ya fueli ya wati 10, kifaa kinachogeuza haidrojeni na oksijeni ya hewa kuwa umeme. Haidrojeni haihifadhiwi kwenye mtungi wa shinikizo. Inabaki imefungwa ndani ya unga wa sodiamu borohaidraidi na kutolewa pale tu inapohitajika, mmumunyo wa unga huo unapogusa kichocheo cha metali, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa:

NaBH₄ + 2H₂O → NaBO₂ + 4H₂

Nusu ya haidrojeni inatoka kwenye unga, nusu nyingine inatoka kwenye maji yenyewe. Hapo ndipo uzuri wa mmenyuko huu ulipo. Gramu 1 ya borohaidraidi safi inatoa moli 0.106 za gesi (moli ni kipimo cha wingi wa chembe).

Jambo lenyewe si jipya. Kundi la Schlesinger na Herbert Brown wa Chuo Kikuu cha Chicago lilichapisha mwaka 1953 kwamba chumvi ya kobalti huharakisha sana mmenyuko huu, na mwaka 1962 Brown alionyesha kwamba rutheni na rodi, metali adimu za jamii ya platini, ni kali zaidi ya kobalti. Mwaka 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani ilipendekeza mmumunyo huu usiendelezwe kama fueli ya magari, kwa kuwa uzito wa mfumo mzima hautoshi na kurudisha borati (ile NaBO₂ inayobaki) kuwa borohaidraidi kunakula nishati nyingi. Kwa gari hoja hiyo ina nguvu. Kwa redio ya mawasiliano au kipima hewa kinachokaa porini bila jua la kutosha, bado kuna cha kufanya.

Tumechagua kobalti badala ya rutheni kwa sababu ya bei. (Kobalti ipo hata kwenye mashapo ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ingawa bado ni safari ndefu kutoka kwenye mwamba hadi kwenye chupa ya chumvi.) Shajara hii haifuatilii kasi ya gesi peke yake. Unga wa kobalti wenye kasi hutengenezwa mchana mmoja. Kinachosumbua ni kuufanya ubaki umeshika juu ya sponji ya nikeli, metali yenye matundu mengi, ulipowekwa, gesi inapochemka ndani yake.

Februari. Maji, kostiki na vyombo

Fueli ya majaribio ya kichocheo: borohaidraidi asilimia 5, kostiki soda asilimia 4, maji asilimia 91, vyote kwa uzito. Kwa gramu 10 za mmumunyo ni gramu 0.5, gramu 0.4 na gramu 9.1. Kostiki inayeyushwa kwanza, mmumunyo unaachwa upoe, ndipo borohaidraidi inatiwa. Ukianza na borohaidraidi kwenye maji matupu, inaanza kutoa gesi kabla hujafunga chupa.

Kostiki ndiyo inayoilinda fueli. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 14, nusu ya borohaidraidi huisha baada ya siku zipatazo 420. Kwenye pH 12 ni siku 4 hivi, na kwenye pH 10 ni saa moja. Kostiki ya watengeneza sabuni inafaa kwa kuoshea vyombo, lakini kwa fueli haifai: vipande vilivyokaa wazi vimekwisha kunywa hewa ya ukaa, na sehemu yake imegeuka kabonati. Tumia ya maabara, yenye mfuniko uliobana.

Maji ya bomba yasitumike. Maji ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa floridi, lakini floridi ya kiasi hicho si tatizo hapa. Tatizo ni bikabonati, inayokula kostiki, na chumvi zinazobaki juu ya kichocheo. Tumia maji yaliyokenekwa. Dukani ukisema "maji ya betri" peke yake unaweza kupewa asidi, kwa hiyo soma lebo kisha jaribu kwa karatasi ya pH kabla ya kumimina. Asidi ikikutana na borohaidraidi gesi yote inatoka kwa mkupuo.

Vyombo viwe vya kioo, polipropilini au stenlesi. Sufuria ya alumini hairuhusiwi popote karibu na kazi hii. Kostiki hula alumini na kutoa haidrojeni, na pamoja na kutoboka kwa sufuria utapima gesi isiyotoka kwenye kichocheo chako. Viungio vya shaba nyeupe na mabomba yaliyopakwa zinki tumeviondoa vilevile.

Borohaidraidi ni mzigo wa hatari namba UN 1426, kundi la vitu vinavyotoa gesi ya kuwaka vikilowa. Uingizaji wa kemikali hizi nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Shughulikia kibali kabla ya kuagiza.

Machi. Kupima gesi kwenye mwinuko huu

Kipimo chetu ni cha kusukuma maji. Gesi inaingia juu ya chupa ya lita 2 iliyojaa maji, maji yanasukumwa kupitia mpira hadi kwenye chombo kilichokaa juu ya mizani, na gramu 1 inahesabiwa mililita 1. Mizani inasomwa kila sekunde 30. Njia hii inashinda silinda iliyopinduliwa kwenye beseni kwa sababu namba haitegemei jicho la msomaji.

Hesabu yake inataka uangalifu. Vitabu vya shule vinasema moli moja ya gesi ni lita 22.4. Hiyo ni kwa nyuzi 0 na shinikizo la usawa wa bahari. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 86. Moshi ni karibu 91. Tena gesi iliyopita kwenye maji ina mvuke, na kwa nyuzi 22 mvuke huo unachukua kilopaskali 2.6. Kwa hiyo:

Gramu 0.5 za unga wenye usafi wa asilimia 98 zinatoa moli 0.0518 za haidrojeni. Kwa lita 22.4 utatarajia lita 1.16. Kwa hali halisi ya Arusha ni moli 0.0518 × 8.314 × 295 ÷ 83.4, yaani lita 1.52. Moshi, kwa joto hilohilo, ni lita 1.44.

Asiyesahihisha atapata mavuno ya asilimia 131 na kudhani kichocheo chake kinafanya miujiza. Tunaandika shinikizo la siku hiyo pembeni ya kila kipimo. Baadhi ya simu zina kipima shinikizo ndani, na programu ya kukisoma ni ya bure. Hakikisha namba unayosoma ni shinikizo halisi la mahali ulipo, isiwe ile ya utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa hiyo imeshasahihishwa iwe kana kwamba uko pwani.

Machi. Unga mweusi

Kabla ya kupaka chochote kwenye sponji tulitengeneza unga wa kobalti boraidi (kobalti iliyoungana na boroni), uwe kipimo cha kulinganishia.

Yeyusha gramu 1.19 za kobalti kloraidi yenye maji sita (moli 0.005) katika mililita 50 za maji. Mmumunyo unakuwa wa waridi. Weka bika kwenye barafu hadi nyuzi 5. Pembeni, yeyusha gramu 0.57 za borohaidraidi (moli 0.015) katika mililita 20 za maji yenye kostiki kidogo, gramu 0.1 inatosha. Dondosha mmumunyo huu wa pili kwenye wa kwanza, tone kwa tone, kikorogeo cha sumaku kikizunguka. Waridi inageuka nyeusi tone la kwanza likigusa. Povu linapanda haraka, kwa hiyo bika liwe la mililita 250 hata kama mmumunyo ni mdogo. Ukimaliza, korogea dakika 20 zaidi mpaka gesi ikome.

Barafu ina kazi yake. Ukifanya kwa joto la chumba chembe zinakua na kushikana, uso wa kufanyia kazi unapungua, na kasi inashuka. Unga unachujwa, unaoshwa kwa maji mara tatu na kwa ethanoli mara mbili. Usiuache ukauke hewani ukiwa kwenye karatasi ya chujio: unga mbichi ukikauka unavamia oksijeni, karatasi inaanza kuungua pembeni. Sisi tunauhifadhi chini ya ethanoli kwenye kichupa kilichofungwa.

Kwa nyuzi 25 unga huu ulitoa karibu lita 1.5 za gesi kwa dakika kwa kila gramu ya unga. Mstari wa gesi dhidi ya muda ulikuwa mnyoofu kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na ndivyo inavyotakiwa: borohaidraidi ikiwa nyingi, kinachoamua kasi ni uso wa metali. Mstari ukianza kujipinda kuelekea juu, usifurahie. Soma sehemu inayofuata.

Machi. Joto linalodanganya

Mmenyuko huu unatoa zaidi ya kilojuli 200 kwa kila moli ya borohaidraidi. Gramu 10 za fueli ya asilimia 5 zinaachia kilojuli 2.7 hivi, na joto hilo likibaki ndani ya mmumunyo peke yake linatosha kuupandisha kwa nyuzi karibu 70. Kasi ya kobalti boraidi inakaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Basi bika lililowekwa juu ya meza linapima kichocheo kwenye nyuzi 25 mwanzoni, kwenye nyuzi 50 katikati, na namba inayoandikwa haina maana.

Dawa yake ni rahisi: chupa ya mmenyuko inakaa ndani ya beseni lenye angalau lita 1 ya maji ya nyuzi 25, na kipimajoto kinakaa ndani ya mmumunyo wenyewe, kwani beseni linachelewa kuonyesha. Kipimo ambacho joto la ndani limepanda zaidi ya nyuzi 2 kinafutwa. Wakati mwingine kupunguza kichocheo kunasaidia kuliko kuongeza maji ya beseni.

Aprili. Kushikamana

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu, na ndipo thamani yake ilipo.

Unga peke yake hauwezi kutumika kwenye mfumo unaotiririka. Unapita na mmumunyo, unaziba vali, na unaendelea kutoa gesi huko usikotaka. Lazima ukae juu ya kitu. Tumetumia sponji ya nikeli ya unene wa milimita 1.5, ya aina inayotengenezewa betri. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 kina uzito wa gramu 0.9 hivi, na zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake ni nafasi tupu.

Kusafisha: dakika 10 kwenye asetoni kutoa mafuta ya vidole, suuza, kisha dakika 10 kwenye asidi haidrokloriki (sehemu moja ya asidi ya asilimia 37 ndani ya sehemu tatu za maji; asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji). Nikeli inaingia ikiwa imefifia, inatoka ikiwa ya kijivu inayong'aa, na maji ya asidi yanakuwa na ukijani. Suuza mara nyingi, kisha endelea kupaka mara moja bila kukausha. Sponji iliyosafishwa asubuhi ikapakwa jioni haishiki vizuri, maana imeshavaa oksaidi tena.

Kupaka kwa kuchovya: sekunde 30 kwenye kobalti kloraidi ya asilimia 10, kung'uta, sekunde 60 kwenye borohaidraidi ya asilimia 5 yenye kostiki asilimia 1, suuza kwa maji, kausha kwa upepo wa agoni, gesi isiyomenyuka na metali. Hiyo ni duru moja. Kila duru iliongeza miligramu 15 hadi 20, na tulisimama kwenye miligramu 80. Agoni inapatikana kwa mafundi wa kuchomelea stenlesi, na kwa kazi hii inatosha.

Kipande kilichopakwa hivyo kilianza vizuri sana, karibu mililita 120 kwa dakika. Lakini chini ya chupa kulibaki vumbi jeusi, na sumaku ya spika iliyopitishwa nje ya kioo ililikusanya kona moja. Kipande kilikaushwa na kupimwa tena: kila mzunguko wa fueli kilikuwa kimepungua. Baada ya mizunguko 10 kilikuwa kimepoteza karibu nusu ya mipako, na kasi ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Sababu ni mbili, zinazosaidiana. Ya kwanza ni kukausha. Mipako mibichi imejaa maji, na ikikauka inajikunja na kupasuka vipande vipande mithili ya tope la jaruba lililokaukiwa na maji. Ya pili ni gesi yenyewe. Kiputo hakizaliwi juu ya mipako peke yake. Mmumunyo unaingia kwenye nyufa, gesi inazaliwa chini ya gamba, haina pa kutokea, na inaling'oa gamba kutoka kwenye nikeli. Kwa hiyo kadiri kichocheo kilivyo kikali ndivyo kinavyojibomoa haraka zaidi. Mipako minene inaongeza tatizo: kupita duru ya tano, kinachoongezeka ni tabaka la nje ambalo ndilo la kwanza kuondoka.

Tulichobadilisha ni vitu vitatu. Mmumunyo wa kobalti ulipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi 4, kila duru iwe nyembamba. Nusu ya maji yake ilibadilishwa kwa ethanoli, ili upenye ndani ya sponji badala ya kukaa juu kama tone. Na baada ya duru ya mwisho, kipande kilichomwa kwa nyuzi 250 kwa saa 2 ndani ya agoni.

Tanuri ni bomba la stenlesi lililozungushiwa waya wa jiko la umeme, likafungwa pamba ya kioo. Agoni inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kupitia chupa ya maji. Kiputo kimoja kwa sekunde kinatosha. Anza kupitisha agoni dakika 15 kabla ya kuwasha, na usiizime hadi bomba lipoe chini ya nyuzi 50. Ukilifungua likiwa na moto, kobalti inakuwa oksaidi papo hapo. Usivuke nyuzi 300 bila sababu: boraidi hii ina nguvu kwa sababu atomi zake hazijajipanga kwa utaratibu, na moto mkali unazipanga na kukuza chembe.

Kipande kilichochomwa kilianza na mililita 95 kwa dakika, pungufu ya kile kibichi. Baada ya mizunguko 10 kilikuwa bado kinatoa 80, na mizani ilionyesha kimepoteza miligramu chache tu. Kwa kazi yetu hiki ndicho kichocheo bora kati ya vile viwili. Kasi ya siku ya kwanza haituhusu sana, na tunashauri anayelinganisha vichocheo aandike uzito kabla na baada, pamoja na kasi ya mzunguko wa mwisho.

Mei. Kobalti na fosforasi

Njia ya pili ni kuipaka sponji kobalti yenye fosforasi kwa kuichovya kwenye mmumunyo wa moto, bila umeme wa kudumu. Kwa lita 1: kobalti salfeti yenye maji saba gramu 28, glaisini gramu 45, sodiamu haipofosfaiti gramu 85, pH ipandishwe hadi 12.5 kwa kostiki, joto nyuzi 60. Glaisini inaishika kobalti isitupwe chini na kostiki. Ukiona mashapo ya bluu au ya hudhurungi, glaisini ni kidogo au kostiki ilimiminwa haraka mno.

Sponji wakati mwingine inakaa humo bila kuanza. Iunganishe sekunde chache kwenye upande hasi wa betri ya volti 3, upande chanya ukiwa waya wa stenlesi ndani ya mmumunyo huohuo. Viputo vikianza, ondoa waya na mipako itaendelea yenyewe. Hii inashika kwenye nikeli vizuri kuliko boraidi ya kuchovya, hata bila kuchomwa, kwa kuwa inakua atomi kwa atomi kutoka kwenye metali ya chini na haina maji ya kukauka. Kasi yake kwa nyuzi 25 ni ndogo kwa vipande vyetu. Ikipata joto inaamka. Tumeiweka akiba kwa mtambo utakaokuwa moto muda wote.

Juni. Baridi na fuwele

Borohaidraidi inayeyuka kwa wingi kwenye maji, gramu 55 hivi kwa gramu 100 za maji kwa nyuzi 25. Metaborati inayobaki baada ya gesi kutoka inayeyuka gramu 28 tu. Hesabu ya ukolezi wa fueli inaanzia hapo.

Fueli ya asilimia 20: kwenye gramu 100, mmenyuko unakula gramu 19 za maji, unaacha gramu 35 za metaborati ndani ya gramu 57 za maji. Hiyo ni 61 kwa 100, zaidi ya mara mbili ya kinachoweza kuyeyuka. Kwa asilimia 15 ni 39 kwa 100. Kwa asilimia 10 ni 23 kwa 100, na hapo ndipo panapopitika. Wanaoandika kwamba mfumo wao unabeba asilimia 20 aghalabu wanapima ukiwa moto. Uzime usiku mmoja wa Juni huku Arusha, asubuhi bomba limeziba kwa fuwele nyeupe ngumu.

Hata kwa asilimia 10, mvuke unaotoka na gesi moto unapunguza maji. Kwa hiyo kila mara kabla ya kuzima, mililita 20 za maji ya uvuguvugu zinapitishwa kwenye mtambo. Hiyo inatoa borati iliyoshika kwenye kichocheo pia. Kipande kilichopungua kasi bila kupungua uzito mara nyingi kina tabaka la borati tu: dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 60, kisha sekunde 60 kwenye borohaidraidi ya asilimia 1, kinarudi karibu na kasi yake. Siki isitumike. Inatoa borati haraka, na kobalti inaondoka nayo.

Julai. Mtambo na seli ya fueli

Seli ya wati 10 inayofanya kazi kwa volti 0.65 kwa kila seli ndogo inakula moli 0.0048 za haidrojeni kwa dakika, ambazo kwa hewa ya Arusha ni mililita karibu 140. Hiyo ni mililita 0.45 za fueli ya asilimia 10 kwa dakika. Gramu 100 za fueli zinatosha saa tatu na nusu na ushee.

Mtambo ukishika moto wa nyuzi 60, kipande kimoja cha sponji kinazidi mahitaji mara nne au tano. Shida ni kuwasha. Asubuhi ya nyuzi 14 kasi inashuka chini ya nusu ya ile ya nyuzi 25. Ndiyo maana tumeweka vipande vinne, sentimita 100 za mraba kwa jumla, vikiwa vimeviringishwa ndani ya bomba la stenlesi lililosimama wima. Fueli inaingia chini, gesi na borati vinatokea juu. Ukiingiza juu, borati inajikusanya chini na kukaba sponji ya mwisho.

Fueli inalishwa kwa mpira wa dripu wa hospitali. Aina ya matone 20 kwa mililita inahitaji matone 9 kwa dakika, na gurudumu lake linarekebisha vizuri. Sharti moja: mpira mwembamba utoke kwenye chupa ya kutenganishia gesi, urudi juu ya chupa ya fueli, shinikizo lilingane pande zote mbili. Bila huo, gesi ikipanda kidogo dripu inasimama, mtambo unapoa, shinikizo linashuka, fueli inaingia kwa wingi, na seli inapata gesi kwa mawimbi. Viungio vimefungwa kwa tepu ya tefloni ya mafundi bomba na kujaribiwa kwa maji ya sabuni.

Usalama wa shinikizo ni bomba la njia tatu, mguu mmoja ukizama sentimita 50 ndani ya maji. Mtambo ukiziba mbele, gesi inatokea hapo kwa kilopaskali 5 tu. Mdomo wake unaelekezwa nje ya dirisha. Haidrojeni inawaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi. Kazi hii haifanywi penye jiko la mkaa wala swichi zinazotoa cheche.

Gesi inayotoka ni moto na imebeba ukungu wa kostiki. Sodiamu ikiingia kwenye utando wa seli inachukua nafasi ya haidrojeni na upitishaji wa umeme unashuka, na hairudi yenyewe. Tumeweka chupa mbili za kuoshea: ya kwanza ina asidi boriki ya asilimia 2 (unga wake upo maduka ya dawa), ya pili ina maji matupu. Baada yake kuna mtego wa pamba wa kushika matone. Karatasi ya litimasi nyekundu iliyolowa inashikwa kwenye mdomo wa gesi kwa dakika 5. Ikibaki nyekundu, ndipo seli inaunganishwa.

Julai. Taka

Maji ya borati yana pH ya juu na yanaweza kuwa na kobalti. Hayamwagwi mferejini. Boroni kidogo mmea unaihitaji, mahindi na migomba pia, lakini nafasi kati ya kinachotosha na kinachoua ni ndogo, na mfereji unaishia shambani kwa mtu mwingine. Tunayaacha yatulie, sumaku inatoa chembe nyeusi, mmumunyo unakaushwa juani kwenye trei ya plastiki iliyofunikwa kwa neti, na fuwele zinawekwa kwenye ndoo yenye lebo. Glavu za naitraili huvaliwa kila chumvi ya kobalti inapoguswa, na unga wake mkavu haupimwi bila barakoa.

Kinachoendelea sasa

Vipande viwili vilivyochomwa vimewekwa kwenye fueli ya asilimia 10 kwa nyuzi 60, vikipimwa uzito kila baada ya nusu lita ya fueli. Kimoja kinahifadhiwa kwenye ethanoli kati ya vipimo, kingine kinaachwa hewani, ili tuone ni kiasi gani cha upungufu kinatokana na gesi na kiasi gani kinatokana na oksijeni. Pamoja navyo kinaandaliwa kipande chenye tabaka jembamba la kobalti-fosforasi chini na boraidi juu. Mipako ya chini imekwisha kufikia miligramu 30, na duru za boraidi zinaanza mara agoni mpya ikifika.